Kivu – Afya: Ukubwa wa plaketi kwenye karatasi ya labo, unamwambia nini mgonjwa wa sukari?

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kuhesabu chembe za damu ina mistari ishirini hivi. Mgonjwa wa sukari anayeipokea mjini Goma, Bukavu, Uvira au Butembo hutafuta kwanza herufi ndogo zilizo pembeni: H kwa kilichopanda kupita kiasi, L kwa kilichoshuka. Karibu na mwisho wa karatasi, chini ya hesabu ya plaketi, kuna mstari ambao watu wachache huuliza maana yake. Unaandikwa VPM, au MPV ikiwa mashine inatumia Kiingereza, na mbele yake kuna namba kama 8,6 au 11,9.

Namba hiyo ni wastani wa ukubwa wa chembe sahani za damu, zile ambazo watu wa labo huziita plaketi. Kwa zaidi ya miaka ishirini watafiti wa nchi mbalimbali wamejiuliza ikiwa inaweza kumwonya mgonjwa wa sukari mapema, kabla mishipa yake ya damu haijaziba kwenye moyo, ubongo, figo, macho au miguu.

Wazo hilo linavutia hasa katika eneo ambako kila kipimo hutoka mfukoni mwa familia. Mtu anayelipia uchunguzi kamili wa damu, ule unaoitwa NFS, kwa sababu ya homa au upungufu wa damu, anapata VPM bila kuongeza hata franka moja. Mashine imeshaipima. Kinachobaki ni kujua ikiwa kitu hicho cha bure kinaweza kutegemewa. Utafiti uliofanywa hadi sasa unaonyesha kwamba plaketi za mgonjwa wa sukari kweli hubadilika. Ila kumwambia mgonjwa mmoja, kwa namba yake moja, kwamba yuko hatarini au yuko salama, hilo VPM haijaliweza.

Vipande vidogo vinavyoziba matundu

Plaketi si chembe kamili. Ni vipande vinavyokatika kutoka kwa chembe kubwa sana zinazoishi ndani ya uboho wa mifupa, kisha vinaingia katika damu na kuzunguka humo kwa siku saba hadi kumi. Mganga wa Italia Giulio Bizzozero, aliyefanya kazi mjini Torino, ndiye aliyezieleza vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuonyesha kwamba zinashiriki katika kugandisha damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na plaketi kati ya 150 000 na 450 000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu.

Kazi yake inajulikana na yeyote aliyewahi kujikata kisu jikoni. Mshipa unapopasuka, plaketi zilizo karibu hujibandika kwenye jeraha, hubadilisha umbo, humwaga kemikali za kuita wenzake, na kwa muda mfupi tundu linazibwa. Bila plaketi, mtu angevuja damu hadi kufa kwa ajali ndogo. Lakini zikiamka mahali pasipo na jeraha, kwa mfano juu ya mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa wa moyo, zinatengeneza kizibo palepale. Moyo unakosa damu. Kizibo kikiwa kwenye ubongo, mtu anapooza upande mmoja, ugonjwa ambao wengi katika miji yetu wanauita AVC.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari ana hatari mara mbili hadi tatu zaidi ya kupata mshtuko wa moyo au AVC kuliko asiye nao. Plaketi zina sehemu yake katika ongezeko hilo.

Sukari inafanya nini kwa plaketi

Katika mtu asiye na ugonjwa, ukuta wa ndani wa mshipa hutoa gesi na kemikali zinazozituliza plaketi, ni kama kuziambia zipite bila kusimama. Insulini nayo huzituliza. Kwa mgonjwa wa sukari, breki hizo mbili hulegea: ukuta wa mshipa huharibika polepole, na insulini huwa haipo au mwili hauitikii tena. Sukari iliyojaa katika damu hujibandika pia kwenye ngozi ya plaketi yenyewe na kuifanya iwe ngumu zaidi. Plaketi ya namna hiyo huamka kwa sababu ndogo.

Uboho nao hubadilisha mwendo. Plaketi zinapotumika haraka, unatuma nyingine changa mapema, na plaketi changa kwa kawaida ni kubwa kuliko zilizozeeka. Kubwa hubeba vifuko vingi zaidi vya kemikali, hutengeneza zaidi tromboksani (kemikali inayoziita plaketi nyingine kuja kuganda) na hunata kwa urahisi. Ndiyo maana ukubwa ukaanza kuchukuliwa kama dalili ya ukali wake.

Kipimo chenyewe kilitokana na ugunduzi wa Mmarekani Wallace Coulter, aliyepewa hati ya umiliki wa ugunduzi huo mnamo Oktoba 1953. Damu iliyochanganywa na maji ya chumvi hupitishwa kwenye tundu dogo ambamo umeme unapita. Kila chembe inayopita hukatiza umeme kidogo: chembe kubwa hukatiza sana, ndogo hukatiza kidogo. Mashine inahesabu mara umeme ulipokatizwa, na papo hapo inapima ukubwa. Chembe nyekundu ya kawaida ina femtolita 80 hadi 100, plaketi ina kama 7 hadi 11, yaani sehemu moja ya kumi tu. Femtolita ni kipimo kidogo mno: milimita moja ya ujazo inabeba femtolita bilioni moja.

Hapa ndipo panapotoka VPM. Mashine nyingi huandika pia PDW, inayoonyesha kama plaketi zinafanana kwa ukubwa au zinatofautiana sana. Mgonjwa wa sukari mara nyingi huwa na zote mbili juu kidogo.

Ugiriki ilisema hivi, India ikasema vile

Mwaka 2004, watafiti wa Ugiriki walitangaza matokeo yaliyoamsha hamu ya wengi. Wagonjwa wao wa sukari ya aina ya pili walikuwa na VPM ya wastani wa 14,2, wakati watu wasio na ugonjwa walikuwa na 7,1. Mara mbili kamili. Tena, waliokuwa na madhara kwenye macho au protini ndogo katika mkojo, dalili ya figo kuanza kuchoka, walikuwa na plaketi kubwa kuliko wagonjwa wenzao. Kwa msomaji wa matokeo hayo, ilionekana kama kipimo kimepatikana.

Miaka minane baadaye, mwaka 2012, watafiti wa kusini mwa India walichapisha yao: wagonjwa 300 na watu 300 wasio na ugonjwa. Tofauti ilikuwepo, na kwa hesabu za takwimu ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa 8,29 kwa wagonjwa na 7,47 kwa wengine. VPM ilipanda pamoja na sukari ya damu. Upande wa madhara ya mishipa, Wahindi hawakuona uhusiano wowote.

Namba hizo mbili zinastahili kuwekwa pembeni kwa pembeni. Mgonjwa wa wastani wa India, mwenye 8,29, angepelekwa katika ile labo ya Ugiriki angeonekana kuwa karibu zaidi na mtu mzima kuliko na mgonjwa. Na hata ndani ya India yenyewe, watu wa kila kundi walitawanyika kwa kama femtolita 0,7 juu na chini ya wastani wao. Mtu mwenye 7,9 anaweza kuwa upande wowote. Kinachoonekana wazi katika kundi la watu mia tatu kinapotea kabisa ukimtazama mtu mmoja aliyeketi kwenye benchi ya kituo cha afya.

Tafiti nyingine nyingi zilifuata, Uturuki, India, Ethiopia na kwingineko, na nyingi zinakubaliana juu ya jambo la kwanza: plaketi za mgonjwa wa sukari ni kubwa kiasi. Mwaka 2010, watafiti waliojumlisha tafiti mbalimbali waliona pia kwamba watu waliopatwa na mshtuko wa moyo wana plaketi kubwa kuliko wengine, kwa tofauti ya chini kidogo ya femtolita moja. Nchini Uturuki ilionekana hata plaketi zikipungua ukubwa baada ya miezi ya kunywa metformini, dawa ya sukari inayotumiwa sana katika vituo vyetu.

Walakini, nyingi ya tafiti hizo zilipima watu siku moja tu. Zinaonyesha kwamba plaketi kubwa na madhara ya mishipa hukaa pamoja, bila kusema kipi kilitangulia. Mtu ambaye figo zimeshaanza kuharibika ana uvimbe wa ndani kwa ndani, na uvimbe huo wenyewe unatosha kuusukuma uboho utoe plaketi kubwa. Katika hali hiyo VPM inatoa habari ya jambo lililokwisha kutokea. Onyo ambalo mgonjwa angelihitaji ni lile la kabla.

Saa iliyopotea kati ya mkono na mashine

Kuna tatizo jingine ambalo watu wa labo wanalijua vizuri kuliko madaktari, na kwa hali ya majimbo ya mashariki huenda ndilo kubwa kuliko yote.

Damu ya NFS huchukuliwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake kuna dawa inayoitwa EDTA, ambayo huzuia damu isigande kabla ya kupimwa. Inafanya kazi hiyo vizuri, lakini ina tabia moja: plaketi zikikaa ndani yake huvimba. Zinaacha umbo la kisahani na kuwa kama mpira. Uvimbe huo huanza dakika za kwanza na kuendelea hasa katika saa ya kwanza na ya pili. Mashine inayotumia tundu na umeme itaona plaketi kubwa kuliko zilivyokuwa ndani ya mwili. Mashine inayotumia mwanga inaweza hata kuonyesha kinyume, yaani plaketi zinazopungua. Hakuna kiwango kimoja cha dunia nzima kilichokubaliwa kuzilinganisha.

Sasa fikiria safari ya kichupa hicho. Damu inachukuliwa saa mbili asubuhi kwenye kituo kisicho na mashine. Inangoja nyingine zijae ili pikipiki isifanye safari ya bure. Inafika labo, umeme umekatika, jenereta haina mafuta. Inapimwa saa sita. Tofauti ya 0,8 ambayo watafiti wa India waliihitaji watu mia sita ili kuiona, kichupa kinaweza kuitengeneza chenyewe kikiwa kimekaa tu kwenye meza. Mgonjwa anapata H, na H hiyo haitoki mwilini mwake.

Watafiti wanaochunga kazi yao hupima vichupa vyote baada ya muda uleule, kwa mfano ndani ya saa moja au mbili, na kwa mashine moja. Labo ya kawaida inayopokea watu mia kwa siku haiwezi kufanya hivyo, wala haikuombwa. Kwenye karatasi nyingi hakuna hata saa damu ilipochukuliwa, kuna tarehe tu.

Malaria, upungufu wa damu na mambo mengine ya hapa kwetu

Nchi ambako VPM imechunguzwa zaidi kwa wagonjwa wa sukari nyingi hazina malaria kama ya Uvira, Fizi au Kindu. Jambo hilo si dogo. Malaria hushusha idadi ya plaketi kwa kasi, kiasi kwamba muuguzi mwenye uzoefu akiona plaketi 80 000 pamoja na homa huwaza malaria kabla ya jambo jingine. Uboho hujibu kwa kutuma plaketi changa, kubwa. Mgonjwa wa sukari mwenye malaria anaweza basi kutoka na VPM ya juu ambayo haihusiani na mishipa yake.

Upungufu wa chuma mwilini, ambao ni wa kawaida kwa mama wengi, huleta chembe nyekundu ndogo kuliko kawaida, na zikiwa ndogo sana au zimevunjika, mashine huweza kuzihesabu kama plaketi kubwa. Kuna pia watu ambao plaketi zao hushikana mafungu ndani ya EDTA. Mashine hapo hutangaza plaketi chache sana kwa mtu asiye na tatizo lolote. Dawa ya mkanganyiko huo inajulikana: kutazama tone la damu kwa darubini, au kuchukua damu upya katika kichupa chenye sitrati. Darubini, tofauti na mashine, ipo karibu katika kila kituo.

Hata kipimo kinachoheshimika zaidi cha sukari, HbA1c, kile cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kina mtego wake hapa. Kinategemea chembe nyekundu ziishi siku zake 120. Kwa mgonjwa wa anemia SS haziishi hivyo, na matokeo yake hayaaminiki. Kwa mtu anayebeba nusu tu ya ugonjwa huo, na Wakongomani wa namna hiyo ni mamilioni, inategemea mbinu ya mashine. Kwa hiyo VPM haiko peke yake katika kudanganya. Tofauti ni kwamba udhaifu wa HbA1c umechunguzwa na unajulikana wapi ulipo.

H inayompeleka mtu kwenye aspirini

Namba isiyoeleweka ina madhara pale mtu anapoifanyia kazi. Aspirini inajulikana kuwa dawa ya plaketi: Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 namna inavyofanya kazi, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1982. Inaifunga plaketi isitengeneze tromboksani kwa maisha yake yote. Inauzwa kwa bei ndogo katika kila farmasi, bila karatasi ya daktari. Aliyesoma kwamba plaketi kubwa hunata, kisha akaona H kwenye mstari wake, hahitaji hatua nyingi kufika dukani.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao ASCEND, uliotangazwa mwaka 2018, ulijaribu jambo hilo kwa watu 15 480 wenye ugonjwa wa sukari ambao hawakuwa wamewahi kupata ugonjwa wa moyo au wa mishipa. Nusu walikunywa aspirini ya miligramu 100 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa wastani wa miaka saba na nusu hivi. Waliopatwa na tukio kubwa la mishipa walikuwa asilimia 8,5 kwa waliokunywa aspirini na 9,6 kwa wengine. Waliovuja damu vibaya walikuwa 4,1 dhidi ya 3,2. Kwa kila watu elfu moja, kumi na mmoja waliokolewa na tukio la moyo au ubongo, na tisa walivuja damu vibaya kwa ajili ya dawa ileile. Hiyo ni Uingereza, ambako anayevuja damu tumboni hufika hospitali haraka na kuwekewa damu usiku huohuo.

Kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au AVC ya kuziba, hesabu ni nyingine, na aspirini huandikwa na daktari kwa sababu nzuri. Lakini AVC nyingine ni za mshipa kupasuka, na huko aspirini inaongeza hatari. Bila skana si rahisi kuzitofautisha. Mtu asijiandikie mwenyewe.

Pesa ikiwa kidogo, ipime nini

Shirikisho la Kimataifa la Ugonjwa wa Sukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 barani Afrika wana ugonjwa huo, na zaidi ya nusu hawajui. Mashariki mwa Kongo, vita vimeongeza uzito juu ya wale wanaojua. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, banki zilifungwa na uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Insulini, inayotakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, si bidhaa ya kubebwa kwenye gari la mizigo siku nne juani. Katika hali hiyo, familia inayochagua kipimo kimoja inafanya uamuzi mzito.

OMS ilitengeneza mwaka 2019 majedwali ya kukadiria hatari ya moyo na AVC katika miaka kumi, likiwemo moja la Afrika ya kati. Yanauliza umri, jinsia, tumbaku, tansio, ugonjwa wa sukari na kolesteroli. Pale ambapo hakuna labo, lipo jedwali jingine linalotumia uzito na urefu peke yake pamoja na umri, jinsia, tumbaku na tansio. Rangi yake hutoka kijani hadi nyekundu iliyoiva. Plaketi hazimo katika jedwali lolote kati ya hayo mawili.

Tansio ndiyo iliyoonyesha nguvu kuliko vyote kwa bei ndogo. Mwaka 1998, utafiti wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS ulifuata wagonjwa wa sukari wenye tansio ya juu. Kundi lililoshughulikiwa kwa bidii lilifika wastani wa 144 kwa 82, kundi jingine likabaki 154 kwa 87. Wauguzi wetu wangesema 14 kwa 8 na 15 kwa 9, tofauti ambayo wengi wangeipuuza. Kwa tofauti hiyo, AVC zilipungua kwa asilimia 44 na vifo vinavyotokana na ugonjwa wa sukari kwa asilimia 32. Mashine ya tansio haihitaji umeme wala kichupa.

Dawa ya kolesteroli nayo ina ushahidi. Utafiti wa CARDS wa mwaka 2004, uliofanywa Uingereza na Ireland kwa watu 2 838 wenye ugonjwa wa sukari, ulionyesha kwamba atovastatini ya miligramu 10 ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37.

Mkojo huchovywa utepe mdogo kuona kama protini inapita, kwa sababu figo zinazovuja zinaonya juu ya moyo pia. Macho hutazamwa mara moja kwa mwaka pale daktari wa macho anapopatikana. Na miguu hutazamwa kila mara: viatu vinavuliwa, soksi zinavuliwa, vidole vinaachanishwa, muuguzi anatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, kisha anaugusa unyayo kwa uzi wa plastiki unaobonyeza kwa uzito wa gramu 10 kujua kama mgonjwa anahisi. Wengi hawajawahi kuvuliwa viatu katika konsultasyo, ingawa ni kwenye mguu usiohisi ambapo kidonda huanzia bila mwenyewe kujua.

Hakuna kati ya hayo kinachomaanisha kwamba sehemu ya plaketi kwenye karatasi itupwe. Idadi yake ina maana. Plaketi zilizo chini ya 150 000 au juu ya 450 000, zikirudi hivyo katika vipimo viwili, zinahitaji kuelezwa na daktari. Mgonjwa anayeandaliwa kukatwa kidole au kufanyiwa upasuaji mwingine hupimwa idadi hiyo kwanza. Ni wastani wa ukubwa tu ambao bado haujapata kazi katika matibabu ya ugonjwa wa sukari. Mwongozo wa OMS hauutaji.

Aliye na karatasi yenye H kwenye VPM anaweza kumwuliza muuguzi mambo matatu: damu ilichukuliwa saa ngapi na kupimwa saa ngapi, malaria ilitafutwa au hapana, na tansio yake ya siku hiyo ilikuwa ngapi. Hilo la tatu mara nyingi halikuandikwa popote, na linaweza kupimwa palepale kabla mtu hajatoka mlangoni.